Filamu ya supahiro unayoiota: uanze na shujaa wa kuazima, filamu fupi, filamu ndefu au kitabu cha katuni?

Mara nyingi nikipewa muswada wa filamu ya supahiro niusome, ukurasa wa kwanza tu daraja linaanguka. Ukurasa wa nne treni inaacha reli. Aliyeuandika hana daraja wala treni, hajawahi kuongoza filamu hata ya dakika tano, na akiba yake inatosha kukodi kamera siku mbili tatu. Lakini muulize kwa nini shujaa wake halali bila taa kuwaka, atakusimulia nusu saa nzima. Shujaa yupo, tena yu hai. Kilichomkwamisha mwandishi ni pa kuanzia.

Hapo ndipo ushauri unapogongana. Mmoja atamwambia atengeneze filamu ya mashabiki, achukue shujaa ambaye dunia nzima inamjua, apate watazamaji upesi. Mwingine atamwambia apige filamu fupi aipeleke kwenye matamasha. Wa tatu atasema filamu fupi ni kupoteza muda, ingia moja kwa moja kwenye filamu ndefu. Wa nne atasema weka kamera kando kwanza, mchore shujaa wako kwenye kitabu cha katuni. Wote wanne wana mifano ya waliofanikiwa, na mifano yao ni ya kweli.

Mimi nimeishi na shujaa wangu kichwani miaka sita. Nimepita njia ya filamu fupi na ya katuni, na nimefanya kazi za kusaidia kwenye seti za hizo nyingine mbili. Nilichojifunza ni kwamba kila njia, ikiisha, inakuachia kitu tofauti mkononi. Moja inakuachia jina, nyingine inakuachia ushahidi kwamba unaweza, nyingine filamu ya kuuza, na nyingine mali yenye hati. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu fedha, jiulize ni kipi kati ya hivyo huna leo na unakihitaji zaidi.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Njia zote nne nitazipima kwa maswali yaleyale: inakula fedha na watu kiasi gani, shujaa anabaki kuwa wa nani, utajifunza nini, inafungua mlango upi, na unaweza kupoteza nini. Baada ya hapo nitasema inamfaa nani.

Swali la umiliki nalipa uzito kuliko watu wengi wanavyolipa. Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki za Superman kwa dola 130. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na haja ya kumwona shujaa wao akichapishwa, na kwa haja hiyo walisaini. Miaka mingi ya maisha yao iliyofuata ilikwenda kwenye kesi. Mtu mwenye filamu ya moyoni ana haja ileile, na ndiyo sababu anafaa kulijibu swali hili akiwa bado ametulia, kabla hajawekewa karatasi mezani.

Njia ya kwanza: filamu ya mashabiki

Hapa unachukua shujaa wa kampuni kubwa, unatengeneza kisa chako kumhusu, unakiweka mtandaoni bure.

Gharama. Watu huidhani njia hii kuwa rahisi, nayo ni rahisi kwa jambo moja: kupata watu. Mwambie fundi wa mapigano au mchora vipodozi kwamba mnamtengeneza shujaa aliyempenda tangu utotoni, atakuja Jumamosi bila kuuliza malipo. Vazi lakini ni shughuli nyingine. Shujaa wako mwenyewe anaweza kuvaa koti la mvua na hakuna wa kusema amekosea. Shujaa maarufu, kila mtazamaji anajua mstari wa kifuani unapita wapi na rangi ya buti ni ipi. Vazi likipwaya begani, sekunde ya kwanza tu umeshampoteza.

Umiliki. Huna chochote. Maneno "hatukutengeneza kwa faida", yanayowekwa mwanzoni mwa filamu hizi, si ruhusa. Mwenye shujaa anabaki na haki ya kuomba kazi yako iondolewe. Februari 2015 mwongozaji Joseph Kahn alitoa filamu fupi ya mashabiki iliyoitwa Power/Rangers. Iliondolewa kwenye majukwaa ya video kwa malalamiko ya wenye haki, kisha ikarudi baada ya maelewano. Yeye tayari alikuwa mwongozaji mwenye jina. Upande wa Star Trek, mfululizo wa visa vya anga za juu, mwaka 2016 wenye mali walitoa masharti ya filamu za mashabiki baada ya kufungua kesi dhidi ya mradi mmoja: kisa kisizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, na michango isizidi dola 50,000. Masharti ya namna hii yana faida moja, kwamba angalau unajua ukuta uko wapi. Kwa mashujaa wengi ukuta huo hujui uko wapi mpaka uugonge.

Utakachojifunza ni kupiga picha za mapigano, kuhariri, efekti za kompyuta, na kuongoza watu waliochoka. Usichojifunza ni kumfanya mtazamaji ampende mtu asiyemjua, maana mapenzi hayo amekuja nayo kutoka nyumbani. Na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika filamu yako ya moyoni.

Mlango unaofunguka ni wa ajira zaidi kuliko wa mradi wako. Anayetafuta mpigapicha au mpangaji wa mapigano akiona dakika nne safi, atakupigia simu. Kuiuza huwezi, na baadhi ya matamasha yatakutaka uthibitishe haki ambazo huna. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Inamfaa nani? Inamfaa fundi: mwenye ndoto ya kuwa mpigapicha, mhariri, mtu wa efekti au wa mapigano. Inamfaa pia mwongozaji anayetaka kufanya mazoezi mbele ya watu, mradi aanze akijua kazi hiyo inaweza kutoweka siku moja.

Niongeze jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kama unachotaka ni shujaa mwenye historia, wapo wasiomilikiwa na kampuni yoyote. Fumo Liyongo tunayemsoma kwenye tenzi alikuwa jitu la nguvu lisilodhurika kwa silaha ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Nguvu, udhaifu mmoja, usaliti wa damu: vyote vimo na hakuna wa kukudai. Superman mwenyewe, yule wa hadithi ya kwanza ya 1938, ataingia kwenye mali ya umma nchini Marekani, yaani haki zake zitakuwa zimeisha muda na yeyote ataweza kumtumia, mwanzoni mwa 2034. Hata hapo utapata kilichomo kwenye hadithi hiyo tu, na ndani yake haruki kama ndege, anachupa.

Njia ya pili: filamu fupi ya shujaa wako

Gharama. Ukurasa mmoja wa muswada hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye kioo. Filamu ya kurasa nane hadi kumi na mbili inaweza kupigwa kwa siku mbili hadi nne ukiwa na watu wachache waliojiandaa. Programu si gharama tena: Blender, ya kutengeneza efekti, ni bure kabisa na DaVinci Resolve, ya kuhariri, ina toleo la bure linalotosha. Kinachogharimu ni muda. Kwa fremu 24 kila sekunde, sekunde kumi za moto unaotoka mkononi ni picha 240, na mtu mmoja atazikalia. Ukitumia kitambaa cha kijani nyuma ya mwigizaji ili baadaye ubadilishe mandhari, msogeze mwigizaji mita mbili au tatu mbele yake na kitambaa kipate taa zake peke yake, la sivyo ukijani utamrudia mabegani na utaushona usiku kucha kwenye kompyuta.

Hadithi ya barakoa yangu naona niisimulie, maana ilinifundisha zaidi ya kitabu. Tulitengeneza barakoa ya uso mzima, nzuri mno ikiwa mezani. Siku ya kwanza ya kushuti, dakika kumi baada ya mwigizaji kuivaa, plastiki ya machoni ikafanya ukungu kwa ndani. Alama tuliyobandika sakafuni ili asimame hapo akawa haioni. Sauti ikatoka kama ya mtu aliye chini ya blanketi. Kila baada ya shoti mbili ilibidi tumfungue vifungo vya mgongoni, tumfute jasho, anywe maji, tumfunge tena. Robo saa inakwenda. Tulipanga shoti ishirini na mbili, tukapata tisa. Usiku nikakata kurasa mbili za mapigano. Nikaandika badala yake shujaa amekaa ngazini, barakoa iko mapajani, anaziba ufa wake kwa gundi huku akipuliza vidole. Watu walioiona filamu ile hunitajia sini hiyo, hawanitajii ngumi. (Ukungu, kwa anayehitaji: paka sabuni ya maji kidogo sana kwa ndani, ifute mpaka isionekane.)

Umiliki ni wako, ikiwa umeandika mikataba. Mwandishi mwenzako, mtunzi wa muziki, mchoraji wa vazi: kila mmoja asaini kabla ya kamera kuwashwa. Rafiki hasaini kwa sababu humwamini. Anasaini ili miaka mitano baadaye, fedha zikija, muendelee kuwa marafiki.

Utajifunza kila kitu cha filamu kwa kipimo kidogo, pamoja na kile ambacho filamu ya mashabiki haikufundishi, yaani kumtambulisha mtu mgeni kabisa na kumfanya mtazamaji amjali kabla ya dakika ya tatu kuisha.

Milango. Hapa lazima utofautishe filamu fupi za aina mbili. Ipo iliyo kisa kamili chenye mwanzo na mwisho, na ipo iliyo kionjo cha filamu ndefu. Kionjo kinachoishia pale shujaa anapogundua nguvu zake, muziki ukapanda, jina likatokea, ni trela tu. Anayepanga ratiba ya tamasha hana pa kukiweka. Kisa kamili kinachodokeza dunia kubwa zaidi ndicho chenye nguvu. Mwongozaji Neill Blomkamp alitoa Alive in Joburg, filamu ya dakika chache kuhusu wageni kutoka sayari nyingine, na kutoka humo ikazaliwa District 9 ya mwaka 2009, iliyogharimu takriban dola milioni 30 na kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Karibu zaidi na supahiro ni Code 8. Filamu fupi ilitoka 2016 ikiwa na kampeni ya kuchangisha mtandaoni, mashabiki wakachanga zaidi ya dola milioni 2, filamu ndefu ikatoka 2019. Tusisahau kwamba waliokuwa mbele ya kampeni ile walikuwa waigizaji wa televisheni wenye mashabiki tayari. Njia ni ileile, mizani haitakuwa ileile.

Kuhusu urefu, tuzo za Oscar huhesabu filamu kuwa fupi mpaka dakika 40 pamoja na majina ya mwisho. Mimi nakushauri usivuke 15. Filamu ya dakika tisa hupenya kwenye ratiba ambayo ya dakika thelathini inaibomoa.

Unachoweza kupoteza si kikubwa kifedha. Hatari iko baadaye: mtu mwenye uwezo anaiona, anaipenda, anauliza, "Muswada wa filamu ndefu uko wapi?" nawe huna. Mlango huo haukai wazi muda mrefu.

Inamfaa mwongozaji ambaye hana cha kuonyesha, na ambaye muswada wake mrefu umekamilika au unakaribia.

Njia ya tatu: filamu ndefu kwa bajeti ndogo

Gharama. Muswada wa kurasa 90, ukipiga kurasa tano kwa siku, ni siku 18. Watu kumi na watano kwa siku 18 ni sahani 270 kwa mlo mmoja tu wa mchana, na hiyo ni kabla hujalipa usafiri, umeme, taa iliyoungua na mwigizaji aliyeugua siku ya kumi na moja. Kila kitu kinachoonekana kidogo kwenye filamu fupi, hapa kinazidishwa. Vazi la shujaa unahitaji mawili angalau, moja la kuigizia na moja la kuchaniwa kwenye mapigano, tena yafanane.

Ndiyo maana filamu hizi hufa au hupona kwenye uamuzi mmoja: nguvu za shujaa ni zipi. Ukimpa uwezo wa kuruka angani umejiongezea mwaka wa kazi. Lakini nguvu zinaweza kuonyeshwa kwa alama zake. Katika Unbreakable ya mwaka 2000, nguvu za mhusika mkuu tunazijua chini ya nyumba yake: anainua vyuma, mwanawe anazidi kuongeza uzito, vyuma vinapokwisha wanatundika makopo ya rangi. Tunachokitazama ni uso wa mtoto. Filamu ile ilikuwa ya studio kubwa, ila sini hiyo yeyote mwenye chumba na vyuma anaweza kuipiga. Hata kuruka, ukilazimika, kuna namna. Kwenye seti moja niliyosaidia, muswada ulisema shujaa anaondoka angani kutoka kwenye paa. Tulichopiga ni jozi ya ndala ukingoni mwa paa, moja imelala ubavu, vumbi bado linashuka, na mdogo wake amesimama nyuma ameinua kichwa. Shoti mbili, dakika ishirini za kazi.

Na ipo Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka Kenya mwaka 2018 na kuonyeshwa kwenye tamasha la Berlin. Msichana mgonjwa asiye na siku nyingi anaota kuwa supahiro, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu yake. Ni dakika 74 tu, na uzito wa filamu haumo kwenye efekti. Umo katika watu wanaokubaliana kuamini. Yeyote anayeandika supahiro kwa bajeti ndogo aitazame akiwa na kalamu.

Umiliki. Ni wako kwa kiasi ulichokilinda. Aliyetoa fedha anaweza kutaka sehemu ya shujaa, si ya filamu hii peke yake; soma neno "mwendelezo" kwenye mkataba mara tatu. Msambazaji naye atataka karatasi za kila kitu: waigizaji, muziki, maeneo, hata picha iliyotundikwa ukutani nyuma ya shujaa. Karatasi moja ikikosekana, filamu nzima inakaa kabatini.

Utajifunza uvumilivu, kusema kweli, na jinsi hadithi inavyobeba au kushindwa kubeba dakika tisini. Hakuna njia nyingine inayofundisha hilo. Jambo moja ambalo wengi wanajifunza wakiwa wamechelewa ni sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye chembechembe; maneno asiyoyasikia hasamehi. Robert Rodriguez alipiga El Mariachi, iliyotoka 1992, kwa takriban dola 7,000, kamera yake haikurekodi sauti pamoja na picha, ikabidi aipachike baadaye. Mfano wake hutajwa kila mahali, lakini kinachosahaulika ni kwamba studio ilipoinunua ilitumia fedha nyingi mno kuliko hizo kuiandaa kwa kumbi.

Mlango unaofunguka ni mkubwa: una kitu cha kuuza, si ahadi. Hatari nayo ni kubwa. Akiba, urafiki, na ile hali ya filamu kukwama asilimia themanini. Nimeona diski ngumu zenye filamu ambazo hazitaisha, na wenyewe hawapendi kuzizungumzia.

Inamfaa aliyekwisha kumaliza filamu fupi mbili tatu, mwenye kundi linaloelewana, na mwenye muswada ambao ukiondoa nguvu za shujaa bado kuna tamthilia inayosimama.

Njia ya nne: kitabu cha katuni kwanza

Gharama. Toleo la kawaida kwa mtindo wa Marekani lina kurasa 22 hivi. Mchoraji makini hutumia siku nzima au zaidi kwa ukurasa mmoja, na baada yake yupo wa wino, wa rangi na wa maandishi, hata kama wote ni mtu mmoja. Kwa hiyo si bure. Ila kuna uhuru ambao njia nyingine hazina: lile daraja la ukurasa wa kwanza, kwenye karatasi, halizidi bei ya watu wawili waliokaa kwenye benchi. Ukiwa na dunia kubwa kichwani, miji inayoelea, majeshi, hapa ndipo inapoweza kuonekana bila kukatwakatwa.

Umiliki ndio hoja yenye nguvu kuliko zote upande huu, na ndipo pia penye mtego. Shujaa akishachapishwa na jina lako, una mali inayoshikika: sura, jina, dunia, tarehe. Lakini aliyemchora ndiye aliyempa sura. Kama hamjaandikiana kama ni mwajiriwa wa kazi hiyo au mmiliki mwenza, una shujaa mwenye baba wawili na hakuna hati. Mimi nilichagua umiliki mwenza, kwa sababu mchoraji wangu alibadilisha shujaa akawa bora kuliko nilivyomwaza. Mwingine angelipa bei kubwa mara moja na kubaki na haki zote. Yote mawili ni halali, yakiandikwa.

Roye Okupe wa Nigeria ni mfano ninaoupenda. Alitaka kutengeneza filamu ya katuni za kompyuta kuhusu supahiro wa Kiafrika, ikashindikana kwa gharama, akageukia vitabu. Mwaka 2015 alitoa E.X.O. kwa michango ya mtandaoni, akaendelea kuchapisha, na mwaka 2025 kitabu chake kingine, Iyanu, kikaonekana kwenye televisheni kama mfululizo wa katuni. Hesabu miaka hiyo: kumi. (Anayefikiria kuingia kwenye katuni za video moja kwa moja ajue nako ni mwendo mrefu. Supa Team 4 ya Malenga Mulendema wa Zambia ilichaguliwa kwenye shindano la hadithi mwaka 2015 na kutoka Netflix 2023.)

Utajifunza ploti, mpangilio wa picha, na kusema mengi kwa maneno machache. Hutajifunza kufanya kazi na mwigizaji, wala sauti, wala ule muda unaopita kati ya jicho na jicho watu wawili wakinyamaza. Na wasomaji wa katuni wana macho: wakiona kitabu ni tangazo la filamu, kila ukurasa umechorwa kama ombi la fedha, watakiacha. Ukiingia huku, kipende kitabu kama kitabu.

Inamfaa mwandishi zaidi ya mwongozaji, mwenye dunia kubwa kuliko mfuko wake, na mwenye subira.

Kwa hali yako

Kama una miaka ishirini na ushee, una kamera ya simu na marafiki wanaopenda ngumi, na hujui bado unataka kuwa nani kwenye seti, filamu ya mashabiki ya dakika nne itakuambia upesi. Shujaa wako wa moyoni mwache kwanza daftarini.

Kama umeshaandika muswada mrefu na tatizo ni kwamba hakuna anayekujua, pima filamu fupi na katuni kwa swali moja: unataka waamini uongozaji wako au waamini dunia yako? Anayetaka kuongoza mwenyewe filamu yake siku ikifika, katuni haitamtetea mezani. Watainunua hadithi na kumpa mwongozaji mwingine. Kama jambo hilo halikuumizi, katuni ni salama zaidi.

Kama kuna mtu ameshakuahidi fedha za filamu ndefu na hujawahi kumaliza hata fupi, omba sehemu ndogo ya fedha hizo upige dakika kumi kwanza. Mwekezaji makini atalifurahia ombi hilo. Akikasirika, umejua mapema.

Ulijaribu kupata haki za shujaa maarufu ukakataliwa? Mwongozaji Sam Raimi alimtaka The Shadow, hakupata, akabuni wake mwenyewe na kutoa Darkman mwaka 1990. Baadaye ndiye aliyekabidhiwa Spider-Man, iliyotoka mwaka 2002. Andika ni nini hasa ulikipenda kwa yule uliyenyimwa, kisha mpe mtu mwingine kabisa, mwenye jina lako juu yake.

Na kama bado umekaa katikati, filamu fupi mkono huu na katuni mkono ule, fanya hivi leo jioni. Tafuta kwenye muswada wako sini ambayo shujaa anaficha nguvu zake mbele ya mtu anayempenda. Mpe rafiki asiyejua chochote kuhusu hadithi aisome. Akiielewa na kutaka kujua kinachofuata, una filamu fupi, anza kutafuta mwigizaji. Akikuuliza maswali kumi kuhusu ule mji, ile vita na wale wazee wenye macho ya fedha, basi tafuta mchoraji.